Prosesa ya i3 ya mwaka 2011: niibadilishe niweke i7, au natupa hela kwenye mashine inayozeeka?

#1 KibodiKongwe (mleta mada)

Wakuu habari zenu. Nina kompyuta ya mezani ya zamani, ilistaafishwa ofisini ikanifikia mimi. Ndani ina Core i3-2120, RAM GB 4, diski ya kuzunguka ya GB 500, na Windows 10. Naitumia kuandaa masomo ya sauti na video fupi kwa wanafunzi wangu.

Siku hizi imechoka. Nikifungua kivinjari chenye vichupo kumi na viwili, halafu nikaita programu ya kuhariri video, kishale kinaganda, sauti inakatikakatika, na nabaki nimekodolea macho skrini. Video ya dakika 10 inachukua dakika 58 kutoka kama faili lililokamilika. Nimehesabu.

Nimempata mtu anauza prosesa zilizotumika, ana i5-3470 na i7-3770. Soketi ni ileile, LGA 1155. Je, nibadilishe? Mashine hii haijawahi kunizimikia kazini hata siku moja, ndiyo maana nauliza kabla sijaiweka kando.

#2 Bisibisi

Usinunue kitu bado. Ikiganda tena, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, Task Manager itafunguka. Angalia kati ya prosesa, RAM na diski ni nani amegota 100%. Angalia tena wakati unatoa video. Leta namba zote mbili hapa, tusibahatishe.

#3 NyuziNane

Weka i7 mkuu, usijiulize mara mbili. Viini (core) 8 kwa viini 2, hiyo ni mara nne kamili. Mimi nilifanya hivyo na sijajuta.

#4 MzeeWaSoketi

Mkuu wa #3, hapo rekebisha. i7-3770 ina viini 4 na nyuzi 8. Nyuzi si viini. Kiini chenye nyuzi mbili kinapokea foleni mbili za kazi: moja ikikwama kusubiri data kutoka kwenye RAM, ya pili inachukua nafasi. Faida ipo, ila haifikii kuwa na kiini cha pili kamili. Na hiyo i3-2120 nayo ina nyuzi 4 juu ya viini vyake 2.

Tuziweke sawa. i3-2120: viini 2, nyuzi 4, 3.3 GHz, haina Turbo (kujiongezea kasi). i5-3470: viini 4, nyuzi 4, 3.2 GHz na inapanda hadi 3.6. i7-3770: viini 4, nyuzi 8, 3.4 GHz na inapanda hadi 3.9. Kwa kazi ya kiini kimoja tofauti si kubwa kama jina la i7 linavyovuma. Kwa kazi inayogawanyika, ni kubwa kweli.

Mleta mada, ukisema LGA 1155 bado hujamaliza. Soketi ni tundu tu, wenye kauli ni chipseti (chipu ya madabodi inayoongoza mawasiliano yake) na BIOS (programu ya madabodi inayoiwasha mashine). Prosesa yako ni kizazi cha 2, Sandy Bridge. Hizo unazozitaka ni kizazi cha 3, Ivy Bridge, za 2012. Kama madabodi yako ni Q65, Q67 au B65, Ivy Bridge haitawaka, na kompyuta nyingi za ofisini za 2011 zilitoka na chipseti hizo hizo. Pakua CPU-Z, fungua ukurasa wa Mainboard, soma palipoandikwa Southbridge.

#5 Kapasita

Uzi mzuri. Nimekaa hapa, yangu ni pacha wa hiyo.

#6 DiskiKavu

Mnaongelea prosesa wakati mgonjwa anajulikana. Diski ya kuzunguka!

Fanyeni hesabu. Diski ya mizunguko 7200 kwa dakika, mzunguko mmoja ni milisekunde 8.3. Kwa wastani unasubiri nusu mzunguko, yaani 4.2. Ongeza muda wa kichwa kusogea, milisekunde 8 au 9 hivi. Kila faili dogo linalosomwa mahali pake linakula milisekunde 12 au 13. Kwa sekunde nzima diski inafanya safari 80 tu. Windows inapowaka inataka maelfu ya vijifaili. SSD (diski isiyozunguka), hata ile ya SATA ya kawaida, inajibu chini ya milisekunde 0.1.

Mkuu, sikiliza hiyo diski usiku kukiwa kimya. Ule mlio wa krr krr krr unaousikia kishale kikiganda ni kile kichwa kinakimbizana na vijifaili. Weka SSD, utadhani umenunua kompyuta nyingine.

#7 KibodiKongwe (mleta mada)

Shukrani sana. Nimefanya alivyosema Bisibisi.

Ikiganda: diski 100%, RAM 91%, prosesa 38%.
Ikitoa video: prosesa 100% mwanzo mwisho, RAM 74%, diski 6%.

CPU-Z inasema Southbridge ni Q77. Na ule mlio alioutaja DiskiKavu ndio huohuo, krr krr.

#8 DiskiKavu

Diski 100%. Nimemaliza.

#9 NyuziNane

Mbona unasoma mstari wa kwanza tu? Mstari wa pili prosesa ni 100% na diski 6%. Akiweka SSD leo, ile video itatoka kwa dakika 57 badala ya 58.

#10 DadaKebo

Nyote wawili mna haki, na nyote mmeruka namba ya katikati. RAM 91%.

Diski kufika 100% haina maana kwamba diski ndiyo mkosaji. RAM ikijaa, Windows inahamishia vitu kwenye diski, halafu inavirudisha vikihitajika. Kila ukirudi kwenye kichupo ulichokiacha nusu saa iliyopita, kinachotwa upya kutoka kwenye diski. Diski inabeba mzigo ambao si wake. Tena grafiki za ndani ya prosesa hazina kumbukumbu yake yenyewe, zinamega kutoka kwenye hizo hizo GB 4.

KibodiKongwe, rudi Task Manager, ukurasa wa utendaji, bofya upande wa RAM, soma palipoandikwa Committed. Kuna namba mbili zenye mkwaju katikati.

#11 KibodiKongwe (mleta mada)

7.6/9.3 GB, nikiwa na kivinjari na programu ya video.

#12 DadaKebo

Basi hapo pana kitu. Programu zako zimeomba GB 7.6, wewe una 4. Ziada yote inategemea diski inayofanya safari 80 kwa sekunde. Ungekuwa na GB 8, hiyo krr krr ingepungua sana hata kwa diski hiyo hiyo ya kuzunguka.

Na uangalie una kipande kimoja cha GB 4 au viwili vya 2. Kama ni kimoja, ongeza cha pili kinachofanana nacho, viingie kwenye njia mbili tofauti. Grafiki za ndani zinafaidika na hilo waziwazi.

#13 VumbiNiAdui

Samahani kuchelewa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza joto.

Prosesa kuonyesha 100% haitoshi, uliza ni 100% ya kasi gani. Ikipata joto inajipunguza mwendo yenyewe ili isiungue, na hiyo asilimia peke yake haikwambii hilo. Mashine hii ina zaidi ya miaka kumi. Pesti ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipozeo, iliyopakwa kiwandani, imekauka zamani. Weka HWiNFO au Core Temp, toa video, tuambie joto na GHz baada ya dakika kumi.

#14 Pengwini_wa_Mezani

Ukihamia Linux nusu ya matatizo haya yanaondoka. Mfumo mwepesi wenye eneokazi la Xfce unatulia kwenye RAM chini ya GB 1 kabla hujafungua kitu.

#15 Bisibisi

Pengwini nilijua utafika tu, nilikuwa nakuhesabia dakika. Jamaa ana programu yake ya kuhariri ambayo ameizoea. Na kivinjari chenye vichupo 12 kitakula RAM ileile hata ukikipeleka wapi.

#16 Pengwini_wa_Mezani

Hilo la kivinjari nakubali. La msingi nililolisema halijabadilika.

#17 KibodiKongwe (mleta mada)

VumbiNiAdui, nimeshtuka. Dakika ya tatu joto digrii 97. GHz inashuka kutoka 3.3 hadi 1.6, inapanda, inashuka tena. Feni inavuma hadi nikafunga mlango watoto wasiamke.

#18 VumbiNiAdui

Nilijua. Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwasha mara mbili umeme uliobaki uishe. Fungua kipozeo. Skrubu zilegeze kwa mshazari, usimalize upande mmoja. Kikigoma kutoka usikivute juu, kizungushe taratibu kushoto kulia mpaka kiachie. Safisha kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzinyuzi, paka pesti mpya kiasi cha punje ya mchele katikati, rudisha. Usiisambaze kwa kidole.

#19 MzeeWaSoketi

Nakazia #18. Na nifunge lile la chipseti: Q77 inapokea Sandy Bridge na Ivy Bridge zote, kwa hiyo upande huo uko salama. Ukiamua kubadili, sasisha BIOS kwanza ukiwa bado na i3 ndani. Ukiitoa i3 ukaweka mpya kwenye BIOS ya zamani isiyoitambua, skrini itabaki nyeusi nawe utadhani umeuziwa mbovu.

#20 Mpitanjia_77

Mzee, mimi nina madabodi ya H61, nayo ni ya 2011, na nimeweka i5-3470 inafanya kazi vizuri. Kwa hiyo hilo la #4 si kweli.

#21 MzeeWaSoketi

Soma vizuri mkuu. Nilitaja Q65, Q67 na B65. H61, H67, P67 na Z68 ni familia hiyo hiyo ya mfululizo wa 6, ila hizo zinakubali Ivy Bridge iwapo mtengenezaji ametoa sasisho la BIOS. Yako ilipata. Intel walizitenga zile tatu za maofisini.

#22 Mpitanjia_77

Sawa, nimekuelewa.

#23 Kapasita

Jamani, naomba kuuliza pembeni kidogo. Ndugu yangu ana madabodi ya LGA 1151 yenye i5-6500. Si anaweza kuweka kizazi cha 8 moja kwa moja? Soketi ni 1151 pia, halafu apate Windows 11.

#24 MzeeWaSoketi

Hapana, na watu wengi wamepoteza hela hapo. Kizazi cha 6 na 7 vinatumia 1151 na chipseti za mfululizo wa 100 na 200. Kizazi cha 8 kinatumia 1151 pia, prosesa inaingia kabisa kwenye tundu, lakini inataka chipseti za mfululizo wa 300. Mwambie akomee kwenye i7-6700 au i7-7700, kama BIOS yake inaitambua hiyo ya pili.

#25 AM4_Milele

Ndiyo maana mimi nilihama. Madabodi za AM4 (soketi ya AMD, mshindani wa Intel) zilizopokea prosesa za Ryzen za kwanza mwaka 2017, nyingi zake kwa sasisho la BIOS zinapokea Ryzen 5000. Nilitoa Ryzen 5 1600 nikaweka 5600, sikugusa kitu kingine. Huko ndiko kubadili prosesa kuna maana. Kwa LGA 1155 unaruka kutoka 2011 kwenda 2012.

#26 NyuziNane

Unaruka kutoka viini 2 kwenda 4, acha mambo ya mwaka.

#27 KibodiKongwe (mleta mada)

Nimefungua jana jioni.

Wakuu, kipozeo kiligoma. Nilikizungusha kama alivyosema VumbiNiAdui, kikaachia kwa mlio mdogo kama kifuniko cha chupa kavu. Chini yake pesti ilikuwa ya kijivu iliyopauka, imepasukapasuka kama tope la ziwa lililokauka, na katikati kulikuwa na sehemu ya ukubwa wa ukucha isiyo na pesti kabisa, chuma kitupu. Kati ya mapezi ya kipozeo na feni vumbi lilikuwa limeshikana likawa kama kipande cha blanketi. Nililitoa zima zima kwa mkono.

Nimesafisha, nimepaka mpya. Joto sasa linagota digrii 68 na GHz inabaki 3.3 haiyumbi. Video ileile ya dakika 10: kutoka dakika 58 hadi 41.

Kishale bado kinaganda vilevile nikifungua kivinjari. Na RAM ni kipande kimoja cha GB 4, nafasi tatu ziko wazi.

#28 VumbiNiAdui

Dakika 17 kwa pesti tu. Hii picha ya blanketi nitaikumbuka. Asante kwa kurudi na majibu, wengi wakipona hawarudi.

#29 DadaKebo

Kishale kuganda vilevile kunaonyesha kwamba lile si joto. Ni RAM.

#30 DiskiKavu

Ni diski, Dada. RAM ikijaa kwenye SSD asingegundua hata kama imejaa.

#31 DadaKebo

Angegundua. SSD inajibu kwa sehemu ya milisekunde, RAM inajibu kwa nanosekunde kadhaa kumi. Ni umbali mkubwa huo. Unampa mtu ndoo ya kukinga maji badala ya kuziba paa.

#32 Chembechembe

Nami niongeze sababu ambayo haijatajwa. Prosesa za umri huo zilipunguzwa mwendo na viraka vya Meltdown na Spectre (mianya ya usalama ndani ya prosesa) vilivyoanza kutoka Januari 2018. Kila programu inapoita mfumo kusoma faili, kuna kazi ya ziada ya kulinda kumbukumbu ambayo haikuwepo mashine ilipotengenezwa. Huenda unaikumbuka ilivyokuwa nyepesi kabla ya hapo, na hukosei.

#33 Bisibisi

Viraka vipo kweli, lakini havielezi Committed 7.6 kwenye RAM ya 4.

#34 Chembechembe

Sikusema vinaeleza yote. Kingine: ukitazama video mtandaoni, tovuti nyingi zinakuletea VP9 au AV1, namna mpya za kubana video. Grafiki za Sandy Bridge na Ivy Bridge hazina uwezo wa kuzifumbua ndani ya chipu, kwa hiyo viini vyenyewe ndivyo vinavyohangaika. Kuna viongezo vya kivinjari vinavyolazimisha H.264, ambayo chipu hiyo inaimudu. Jaribu kabla ya kulaumu prosesa.

#35 NyuziNane

Turudi kwenye kutoa video. Joto limetatuliwa, bado dakika 41. Prosesa ni 100%, haina pa kukimbilia. Hapo dawa ni viini.

#36 Mwalimu_Grafu

Viini vitasaidia, ila tusimuahidi mara mbili kamili. Gene Amdahl alilieleza hili mwaka 1967: sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo inayoweka ukomo. Chukulia asilimia 40 ya kazi lazima ifanywe kwa mfuatano na 60 inagawanyika. Kwa viini 4 unapata 1 ÷ (0.4 + 0.6/4), yaani mara 1.8 ya kiini kimoja. Hata ukiweka viini visivyo na idadi huvuki mara 2.5. Kutoa video kunagawanyika vizuri kuliko mfano huu, lakini kuhariri kwenyewe, kuvuta klipu, kukata, kusikiliza, kunategemea sana kasi ya kiini kimoja. Na hapo 3.3 kwenda 3.6 au 3.9 hutaruka kwa furaha.

#37 KibodiKongwe (mleta mada)

Mwalimu, umenifungua macho. Nilikuwa nadhani viini vinajumlishwa tu.

#38 Chembechembe

Na usisahau Quick Sync. Hata i3-2120 ina sehemu ya grafiki inayoweza kubana video kwa H.264 bila kuchosha viini. Kama programu yako inaikubali, iwashe kwenye mipangilio ya kutoa video. Ubora kwa ukubwa uleule wa faili unashuka kidogo, kwa masomo ya ubaoni huenda usione.

#39 Rudisha_Nyuma

Mimi nasema kitu ambacho hamtaki kusikia. Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kizazi cha 8 kwenda juu, na TPM 2.0 (chipu ya usalama). Hata i7-3770 haimo. Unamshauri mtu anunue prosesa, RAM na SSD kwa mashine ambayo mfumo wake umeachwa?

#40 NyuziNane

Si watu wanaiingiza Windows 11 kwa njia za mkato? Ndugu yangu anayo kwenye ya zamani kuliko hiyo.

#41 Rudisha_Nyuma

Inaingia, ndiyo, ila nje ya orodha ya wanaohudumiwa. Na kwa zile za zamani zaidi, toleo la 24H2 la Windows 11 linadai maagizo ya POPCNT na SSE4.2 yawemo ndani ya prosesa. Prosesa za Core 2 hazina SSE4.2, haziwaki hata kwa mkato. Sandy Bridge inayo, kwa hiyo leo inawaka. Kesho sijui wataongeza nini, na mtu anayefundisha hapaswi kuishi kwa kubahatisha.

#42 Bisibisi

Kwa watumiaji wa kawaida kuna mpango wa nyongeza ya masasisho ya usalama ya Windows 10 hadi 13 Oktoba 2026. Halafu SSD haifi na kompyuta, anaihamisha kwenye mashine mpya. Prosesa na RAM ya DDR3 ndizo haziendi kokote. Kwangu hapo ndipo hesabu ilipo.

#43 Pengwini_wa_Mezani

Nilishasema.

#44 Bisibisi

Safari hii una hoja ndugu yangu, nakupa mkono.

#45 DadaKebo

Kama utabadili prosesa, ruhusu nikusimulie yangu. LGA haina miguu kwenye prosesa, miguu iko ndani ya soketi, 1155, myembamba kuliko nywele. Nilifungua wenzo, nikainua kifuniko, nikaishika prosesa mpya kwa vidole viwili pembeni. Simu ikaita. Prosesa ikachomoka ikadondokea kona. Umbali ni kama unene wa kitabu tu.

Nilichukua tochi nikaielekeza kwa ubavu. Safu zote zilikuwa zinang'aa kwa mwelekeo mmoja kama shamba la majani upepo ukivuma, isipokuwa kona moja ambapo mitatu ilikuwa inang'aa upande wake. Nilikaa na kikuza na sindano ya kushonea karibu saa mbili, nikiuinua mmoja mmoja, napumua pembeni. Iliwaka, lakini nafasi mbili za RAM hazikusoma tena hadi leo.

Zima simu kabla ya kufungua wenzo. Na zile nyufa mbili ndogo za kando ya prosesa zioane na meno ya soketi. Isipokaa yenyewe kwa uzito wake, usiisukume.

#46 Kapasita

Nimesoma nikiwa nimeshika pumzi.

#47 KibodiKongwe (mleta mada)

Pole sana Dada, na asante, nitazima simu.

Hali ilivyo: nimeagiza kipande cha pili cha RAM GB 4, kitafika wiki hii. SSD nitanunua kwa sababu ya hoja ya Bisibisi kwamba nitahama nayo. Quick Sync nimeipata kwenye mipangilio, video imetoka kwa dakika 19, ila maandishi madogo ubaoni yana ukungu kidogo pembezoni, kwa hiyo bado naifikiria.

Prosesa ndiyo sijakata shauri. Muuzaji anasema i7 imeondoka. Amebaki na i5, na nyingine ameniandikia E3-1240 V2, anasema ni sawa na i7.

#48 MzeeWaSoketi

Hiyo ni Xeon, prosesa ya Intel ya seva. Viini 4, nyuzi 8, wati 69, nguvu zake ni za i7 kweli. Lakini haina grafiki za ndani. Kama huna kadi ya grafiki, ukiiweka skrini haitawaka, na Quick Sync uliyoipata juzi inaondoka nayo. Zenye grafiki ni zile zinazoishia na 5, kama E3-1245 V2. Uangalie pia kama BIOS ya mashine yako inaitambua, nyingi za ofisini zina orodha fupi.

Kwa upande wa umeme, i3 yako ni wati 65 na i5 ya kawaida ni 77. Ni wati 12 tu, pawasaplai ikiwa nzima haitaona tofauti. Kama kasha lako ni lile dogo kabisa, soma kwanza mwisho wa wati kwenye mwongozo wake.

Na kwenye i5 kuwa makini na herufi ya mwisho. 3470 tupu ni viini 4. 3470S ni viini 4 vya wati 65. 3470T ni wati 35, ina viini 2 na nyuzi 4, 2.9 GHz. Jina ni i5, ndani ni ndugu wa hiyo i3 uliyonayo. Usinunue kwa jina la kwenye tangazo, mwambie apige picha ya kifuniko cha chuma.

#49 Chembechembe

Kwa mwenye kusimba diski yake (kuifunga kwa siri), kuna faida moja ya i5 isiyosemwa: ina AES-NI (maagizo ya kusimba ndani ya prosesa), i3-2120 haina. Hilo peke yake linasikika ukiweka SSD iliyosimbwa.

#50 Rudisha_Nyuma

Bado nasema asubiri.

#51 NyuziNane

Bado nasema aweke.

#52 KibodiKongwe (mleta mada)

Amenituma picha mbili. Ya kwanza ina mwanga wa taa juu ya chuma, haisomeki. Nikamwomba aifute kwa kitambaa apige tena karibu na dirisha. Nimeikuza sasa hivi. Mstari wa pili, baada ya 3470, kuna T.

Narudi kwake kumuuliza kama anayo nyingine.